Nyanya za mlimani: kwa nini mstari mmoja umeungua na unaofuata umeliwa

"Habari mtaalamu. Nalima nyanya nusu eka huku Kayenze, Mwanza, shamba liko mlimani linaangalia ziwa, mistari inashuka kutoka juu kwenye mawe mpaka chini. Nyanya zina miezi miwili zimeshafungwa kwenye miti. Kantangaze (wale viwavi wa nyanya) imenishinda. Napiga dawa kila siku ya nne kwa bomba ya mkono lita 16, dawa nabadilisha mbili, safari hii abamectin safari ijayo emamectin. Maji natoa ziwani ni shida kuyapandisha kwahiyo natumia bomba nne tu shamba zima ila dawa naweka mara mbili ya kipimo. Naanza saa nne umande ukishakauka, namaliza saa saba. Cha ajabu kuna mistari majani yameungua pembeni na mingine imeliwa mpaka kwenye matunda, tena imepishana. Wenzangu wanasema ninunue mashine ya mota au nitafute dawa kali zaidi. Nifanyeje? Halafu nikimaliza kupiga kichwa kinauma mpaka usiku ingawa maziwa nakunywa. Wiki ijayo naanza kuchuma. Wabeja sana."

Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kueleza vizuri, maana wengi wananitumia picha ya jani moja lililotoboka halafu wanauliza dawa gani, basi. Wewe umeandika neno moja ambalo limenipa nusu ya jibu hata kabla sijafika kuliona shamba: imepishana. Nondo wa kantangaze hahesabu mistari, akiingia shambani anataga anapokuta nyanya, na ugonjwa nao hauruki mstari mmoja ukashika wa pili. Ukiona shamba linaenda hivyo, mstari huu hivi na ule vile, mwanzo mpaka mwisho, jua ni mtu alivyotembea. Na mtu mwenyewe ni wewe na bomba lako mgongoni.

Fikiria unavyofanya. Unaanza chini na bomba limejaa, lita 16 za maji ni kilo 16, weka na bomba lenyewe, unapanda taratibu, mguu unatafuta pa kukanyaga kati ya mawe. Ukifika juu unageuka unashuka na mstari wa pili, sasa bomba limepungua, mteremko unakusukuma, unakwenda haraka. Bomba linatoa dawa kwa dakika, halijui umetembea mita ngapi. Tuseme mita 20 za kupanda zinakuchukua sekunde 40 na za kushuka sekunde 22, hapo mstari wa kushuka umepata karibu nusu ya dawa ya mwenzake. Na ongeza kwamba ukishuka mkono mmoja unashika miti ya nyanya usianguke, kwahiyo unapampu kwa kuruka ruka, presha inashuka, yanatoka matone makubwa yanayoanguka chini badala ya kukaa kwenye jani. Halafu dawa yenyewe umeikoroga mara mbili! Mstari wa kupanda umepata dozi kali muda mrefu, majani yakaungua. Wa kushuka umepata michirizi tu, kantangaze wakaendelea na kazi yao.

Kwahiyo kabla hujaenda kutafuta dawa kali zaidi, jua kwamba kwenye shamba hilo hilo, siku hiyo hiyo, una sehemu imezidishiwa na sehemu imepunjwa. Dawa kali itaongeza kuungua kwenye mistari iliyoungua, na ile iliyoliwa itaendelea kuliwa.

Sasa hili la kuzidisha dawa ili kupunguza maji, nalielewa kabisa, kupandisha ndoo kutoka ziwani kwenye ule mlima sio mchezo. Lakini wengi tunaamini dawa ikiwa nzito inafidia maji, na kwa kantangaze hiyo haifanyi kazi. Mayai yake mengi yako upande wa chini wa majani na kwenye machipukizi, na kiwavi akitoka kwenye yai haendi kutembea juu ya jani umkute hapo, anatoboa anaingia ndani, anakaa katikati ya ngozi mbili za jani anakula nyama ya katikati. Yale mabaka meupe unayoyaona, ukiinua jani kwenye mwanga utamuona mle ndani na kinyesi chake cheusi. Abamectin na emamectin zina uwezo wa kupenya kidogo kutoka uso wa jani kwenda ndani, ndio maana zinatumika, ila hazisafiri kwenye mmea. Jani ambalo halikupata tone halina dawa, hata kama jani la jirani umelimwagia chupa nzima.

Kinachotakiwa basi ni matone mengi madogo, yaliyotawanyika, juu na chini ya kila jani. Na hapa kuna hesabu moja watu hawaijui: ukipunguza upana wa tone kwa nusu, maji yale yale yanakupa matone nane badala ya moja. Kwahiyo nozo, kile kichwa cha bomba kinachotoa dawa, ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwa dawa za wadudu na ukungu kwenye nyanya tumia nozo ya koni, ile inayotoa mviringo wenye uwazi katikati, sio ile bapa ya kupigia dawa ya magugu. Na nozo inalika. Ile yako umeitumia tangu lini? Nunua mpya inayofanana, ifungulie kwenye jagi dakika moja, kisha ya zamani dakika moja kwa presha ile ile, kama ya zamani imetoa zaidi kwa sehemu moja ya kumi au kuzidi, itupe. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote ulivyotaja kwenye swali lako. Ikiziba usiipulize kwa mdomo (nawajua!), tumia mswaki wa zamani na maji.

Upande wa pili wa kosa ni wale wanaolowesha mpaka jani linachuruzika wakadhani ndio wamepiga vizuri. Jani lina kiasi chake cha kubeba, likizidishiwa matone yanaungana, yanateleza, yanaondoka na dawa iliyokuwa imeshakaa, inaishia kwenye udongo na kwako mvua ikinyesha inashuka ziwani. Acha kabla ya kuchuruzika.

Upime sasa, na upimie mlimani hapo hapo, usipimie uwanjani nyumbani. Weka maji matupu lita tano, hakuna dawa. Tembea kwa kukata mlima, yaani pembeni, kimo kile kile, sio kupanda na kushuka. Najua mistari yako inashuka, msimu huu hutaing'oa, lakini kwenye nyanya zilizofungwa mara nyingi unaweza kupita kati ya mche na mche, piga kipande cha mita mbili tatu za kila mstari ukivuka kwenda mwingine, ukimaliza unasogea juu kidogo unarudi. Mahali mawe yanakuzuia, basi piga ukiwa unapanda tu, na ukifika juu funga, shuka bila kupiga. Inachosha zaidi, sikufichi, ila kila mstari unapata sawa. Elekeza nozo iangalie juu ukianzia chini ya mmea, pandisha mkono, kisha shusha kwa upande wa juu. Maji yakiisha pima eneo ulilopiga. Mfano umepiga mistari yenye jumla ya mita 80 na nafasi kati ya mistari ni mita moja, hiyo ni mita za mraba 80 kwa lita tano. Nusu eka ni kama mita za mraba 2,000, kwahiyo unahitaji lita 125, karibu bomba nane. Kwa nyanya za umri huo nategemea utapata namba inayokaribia hapo, sio bomba nne.

Ukishajua idadi ya bomba ndo unarudi kwenye kibandiko cha chupa ya dawa. Kama kipimo kimeandikwa kwa eka, tuseme mililita 200, wewe wa nusu eka unatumia 100 ukizigawa kwenye bomba nane, ni kama 12 na nusu kila bomba. Kama kimeandikwa kwa lita 20 za maji, kigeuze kiwe cha lita 16. Pima kwa sirinji ya duka la dawa iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, achana na vizibo, kila chupa ina kizibo chake na havilingani.

Unataka kuona kama matone yanafika? Kuna karatasi maalumu za njano zinageuka bluu tone likigusa, lakini hata kama huzipati, tia rangi ya chakula kwenye maji matupu, bana vipande vya karatasi nyeupe kwa vibanio vya nguo chini ya majani, vingine katikati ya mmea kule ndani, piga kama kawaida kisha kavitazame. Kwa dawa ya wadudu unatafuta matone 20 mpaka 30 kwa kila sentimita moja ya mraba. Watu wengi wakifanya hili mara ya kwanza wanakuta karatasi za juu zimelowa chapachapa na za chini ya jani ni nyeupe pee. Ukikuta hivyo, kabla ya kuongeza chochote punguza majani ya chini na machipukizi ya pembeni, nyanya iliyosongamana hakuna bomba litakaloipenya.

Twende kwenye saa. Saa nne mpaka saa saba ni muda mbaya sana kwa mtu wa ufukweni. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, upepo unatoka milimani kuelekea majini, jua likipanda inageuka, ardhi inapata moto na upepo wa ziwa unaanza kuja juu. Wewe unaanza kupiga wakati huo huo upepo unapoanza kusukuma, na uko mlimani unauangalia uso kwa uso. Matone madogo, yale tunayoyataka, ndio ya kwanza kupeperushwa. Juu ya hapo jua kali linakausha tone kabla halijapenya, na abamectin na emamectin zote zinaharibiwa na mwanga wa jua zikiwa bado juu ya jani. Mimi ningepiga jioni, kuanzia kama saa kumi na moja upepo ukishatulia, dawa inapata usiku mzima ya kupenya, nyuki wengi wamesharudi, na nondo wenyewe ndio wanaanza kuruka giza likiingia.

Asubuhi mapema inawezekana ila kwa mlimani kuna mtego. Alfajiri hewa ya baridi inateremka polepole kufuata mteremko na imetulia kabisa, mtu anaona hakuna upepo anafurahi, kumbe ukungu wa dawa unaning'inia na kushuka nao mpaka kwenye nyumba na maji huko chini. Angalia moshi wa majiko ya jirani. Ukipanda na kupinda kidogo, piga. Ukilala ukatanda juu ya mteremko bila kupanda, subiri kwanza. Siku yoyote anza upande ambao upepo unaelekea, kisha sogea ukiufuata unakotoka, ili usitembee ndani ya majani uliyotoka kuyapiga.

Kuhusu kubadilisha dawa, hapa umepigwa chenga na majina. Abamectin na emamectin ni ndugu wa kundi moja, zinamuua mdudu kwa njia ile ile, kwahiyo kwa kantangaze ni kama hujabadilisha kitu. Kwenye kibandiko tafuta neno Group na namba, zote mbili utakuta 6. Huyu mdudu ana asili ya Amerika Kusini, hapa kwetu Tanzania ameingia mwaka 2014, na kwao na Ulaya amezoea dawa za makundi mengi kwa sababu ya mchezo huu huu. Badilisha namba, usibadilishe jina la chupa. Kuna chlorantraniliprole ya kundi 28, spinetoram au spinosad za kundi 5, indoxacarb ya 22. Tumia kundi moja kwa kizazi kimoja cha mdudu, kwa joto letu ni kama mwezi, halafu hamia lingine, ukifuata idadi ya mara zilizoruhusiwa kwenye kibandiko. Kila siku ya nne ni nyingi mno. Na muulize muuzaji akuonyeshe kwamba dawa imesajiliwa na TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyochukua nafasi ya TPRI, kwa ajili ya nyanya sio kwa pamba. Huku kanda ya ziwa dawa ya pamba inaingia sana kwenye mboga. Weka pia mitego ya harufu ya kuvuta nondo dume juu ya beseni la maji na sabuni, itakuonyesha kama wanaongezeka kabla hujaona mabaka, na majani na matunda yaliyotobolewa yafunge kwenye mfuko wa plastiki juani, usiyaache pembeni ya shamba.

Mashine ya mota sasa. Sitaki kukukatisha tamaa maana ina faida ambayo ndio kilio chako: inasukuma dawa kwa upepo, inageuza majani, matone madogo, na inatumia maji kidogo. Ila ikijaa na mafuta yake inaweza kufika kilo 25, kwenye mawe yale ukiteleza nayo ni balaa, matone yake yanaruka mbali, na dawa inakuwa nzito kwahiyo kosa dogo la kutembea linakuwa kosa kubwa. Kwa eka kadhaa za miembe au michungwa ningesema nunua. Kwa nusu eka ya nyanya juu ya ziwa, hapana. Hela hiyo nunua bomba la betri, presha yake haiyumbi, mkono mmoja unabaki huru kushika miti, na uzito haujazidi sana lako. Inayobaki itengeneze tanki au hata mapipa mawili juu ya shamba, yajaze siku ambazo hupigi dawa, kwa punda au bodaboda au mvua yenyewe. Kupandisha maji siku ya dawa ndo kulikokufikisha kwenye bomba nne. Kwenye mteremko mkali jaza bomba nusu tu.

Maji yenyewe yachote kwa ndoo safi uyapandishe, usitumbukize bomba ziwani na usilioshe humo. Dawa za jamii ya pyrethroid, zile zinazoishia na -thrin, kiasi kidogo sana kinaua samaki, na dagaa wachanga wako hapo hapo pembeni. Sheria ya Mazingira ya 2004 pia inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kama mistari yako ya chini imeingia humo ipandishe. Maji yakiwa ya kijani ya mwani, hasa mchana, huwa na magadi, na dawa nyingine zinaoza haraka humo, yachote sehemu safi, yachuje na kitambaa, koroga dawa ya siku hiyo tu. Msimu ujao geuza mistari ikate mlima na uache ukanda wa majani chini.

Nimeacha kichwa makusudi nikiongee peke yake. Maziwa hayatoi sumu mwilini, hilo liondoe kabisa. Sumu nyingi ya mpulizaji inaingia kwa ngozi: bomba linalovuja mgongoni, mikono wakati wa kukoroga dawa ambayo haijachanganywa na maji, na miguu inayopita kwenye majani mabichi ya dawa. Kitambaa puani hakizuii mvuke. Vaa glavu za mpira, buti na suruali ikae nje ya buti, shati la mikono mirefu, kipande cha nailoni mgongoni chini ya bomba, na kaoge kwa sabuni mara moja. Inawezekana sehemu ya maumivu ni kukaa juani kwa muda wa saa tatu bila maji ya kunywa, lakini kinachorudi kila ukipiga dawa siwezi kukuambia ni jua tu. Usipige tena mpaka umeonwa kituo cha afya, uende na chupa au picha ya kibandiko, daktari atahitaji jina la sumu. Na ikitokea kutapika, mate kujaa, jasho lisilo la kawaida, kuona ukungu, misuli kucheza, kifua kubana au kuchanganyikiwa, hapo usisubiri asubuhi, vua nguo, osha mwili, na mtu akupeleke hospitali, iwe Sekou Toure au Bugando au yoyote iliyo karibu. Asikutapishe mtu.

Ukishapima na kupiga sawasawa mara mbili kwa kundi jingine na bado viwavi wapya wanaingia, mwite bwana shamba wa kata aje aone mmea ukiwa umesimama, au peleka matawi yenye viwavi hai kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Ukiriguru pale Misungwi, maana hapo tunaanza kufikiria usugu na hilo halionekani kwenye picha. Hata ile mistari iliyoungua aiangalie, kuungua kwa pembeni kunaweza kuchanganywa na ugonjwa wa bakajani.

Na kuchuma wiki ijayo, hapana. Zile siku za kusubiri kati ya kupiga na kuchuma zilizoandikwa kwenye kibandiko zimehesabiwa kwa kipimo cha kibandiko, wewe umeweka mara mbili na ukarudia kila siku ya nne, kwahiyo siku zile kwako hazitoshi. Mwambie mnunuzi wako asogeze. Hesabu kuanzia siku ya mwisho uliyopiga, subiri angalau mara mbili ya siku zilizoandikwa, na hata hiyo ni makadirio yangu ya tahadhari, sio kipimo cha maabara. Zilizoiva kupita kiasi wakati unasubiri zichume uzifukie, usiwape kuku wala usizipeleke jikoni.